Kiwanja cha pamoja Tabora: tukitunze vipi kiangazi bila kuwamaliza ndege, nyuki na wanyama wadogo?

Mkazi wa Ipuli

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Ninaishi Ipuli, hapa Tabora mjini, katika mtaa ambao nyumba zake zimezunguka kiwanja cha wazi kinachotumiwa na watu wote. Upande wa magharibi kuna safu ya miembe mikubwa ya siku nyingi. Katikati kuna nyasi ndefu, mkuyu mmoja na kichuguu. Upande wa barabara kuna ua wa michongoma uliochanganyika na minyaa. Watoto huchezea hapo, wapita njia hukatiza hapo kwenda sokoni, na kukiwa na msiba au harusi maturubai hufungwa hapo hapo.

Kila mwaka, mvua zikishakatika mwezi wa Mei, kamati ya mtaa hupitisha uamuzi ule ule. Vijana hupewa mafyekeo, nyasi za kiwanja kizima hukatwa mpaka udongo uonekane, ua hushushwa hadi magotini, majani ya miembe hufagiliwa na kurundikwa, na ifikapo Agosti au Septemba marundo hayo huwashwa moto ambao mara nyingi hutoroka na kuunguza hata sehemu ambazo hazikukusudiwa. Kuanzia hapo hadi mvua za Novemba tunaishi na vumbi jeusi linaloingia mpaka jikoni.

Sitaki kuwabeza majirani zangu, kwa kuwa wanayoyaogopa yapo: nyoka, mbu, na vibaka wanaojibanza gizani. Lakini naona pia kinachotutoka. Mnana na kwera wanaojaa kwenye nyasi mwezi wa Machi hawana pa kurudi, vinyonga wamekuwa adimu, na nyuki tunawaona tu wakigombania tone kwenye bomba la maji. Mwaka jana, tulipokuwa tukitawanya majivu kwa reki, tulimkuta kalunguyeye amejiviringa chini ya rundo, miiba yake imeungua nchani na kugandamana. Watoto waliuliza kwa nini hakukimbia, na hapakuwa na mtu mzima aliyewajibu.

Kamati itakutana tena karibuni, nami nimeombwa nilete pendekezo. Nyasi za kiwanja cha namna hii zikatwe lini na kwa urefu gani, ili mahali pabaki salama kwa watu na pawe bado makazi ya viumbe? Majani makavu yapelekwe wapi kama hayachomwi? Na kwa wale waliowahi kukaa kwenye kamati, ni hoja gani humwingia mtu anayeamini kwamba usafi ni udongo mtupu?

Mstaafu wa Misitu

Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi ya misitu katika miombo ya mkoa huu kwa muda mrefu, na nitaanza na moto kwa sababu ushauri mwingine wowote hautafaa kitu ikiwa moto utaendelea.

Moto wa Mei na moto wa Septemba haulingani kabisa. Mwezi wa Mei nyasi bado zina unyevu, moto hutambaa chini na kuacha mabaka yasiyoungua, na mnyama mwenye mbio hupata njia. Kufikia Septemba kila kitu kimekauka, upepo unavuma, na miti ya miombo kama mtundu ndiyo kwanza inatoa majani mapya, maana miti yetu hii huchipua kabla mvua haijanyesha. Karibu na Ndola, Zambia, wataalamu wa misitu walianza mwaka 1933 majaribio ya kugawa miombo vipande: kimoja kikachomwa mapema kila mwaka, kingine kikachomwa mwishoni mwa kiangazi, na kingine kikalindwa kisiungue. Miaka ilivyopita, kipande cha moto wa mwisho kilipoteza miti na kugeuka nyasi, kile cha moto wa mapema kilibaki na miti yake, na kile kilicholindwa kilizidi kusongamana. Kamati yenu inachagua kila mwaka ule moto ulioonekana Ndola kuwa mbaya kuliko yote. Tena Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti juu ya uchomaji wa mimea, na mwenyekiti wa mtaa anaweza kukumbushwa hilo kwa upole, akiwa peke yake.

Watoto waliouliza wanastahili jibu. Kalunguyeye wetu hulala usingizi mrefu chakula kinapopungua kiangazi, na anapohisi hatari kinga yake ni kujiviringa, si kukimbia. Kinga hiyo inamshinda mbwa, lakini haiushindi moto. Waambieni hivyo, kisha wapeni kazi ya kuwakumbusha wakubwa kwamba rundo lililokaa wiki kadhaa halihamishwi kabla ya kufunuliwa kwa reki kidogo kidogo kutoka juu. Mikono isiingizwe humo, kwa sababu anayejificha anaweza kuwa nyoka.

Sasa kuhusu kufyeka. Jambo la kwanza la kuacha ni dhana kwamba kiwanja chote lazima kifanane. Wazee wa Kinyamwezi na Kisukuma wana ngitili, yaani eneo linalofungwa msimu wa mvua ili nyasi zikue na kufunguliwa kwa mifugo kiangazi kinapokaza, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulijengwa juu ya utaratibu huo huo mpaka nchi iliyokuwa tupu ikarudisha miti. Ninyi mnaweza kuwa na ngitili ya mtaa. Gawanyeni nyasi za katikati sehemu tatu: moja ifyekwe Juni, moja ifyekwe Agosti, na moja isiguswe mwaka huu, kisha mwakani mbadilishane. Hivyo hakuna sehemu itakayozeeka hadi kuwa kichaka, na hakuna siku ambayo panzi, mijusi na ndege watakosa pa kuhamia.

Kwa nini Juni na si mapema zaidi? Kwa sababu mnana na kwera hutaga wakati wa mvua, nyasi zikiwa ndefu na mbegu zikiwa changa, na anayefyeka Machi au Aprili anaangusha viota vyenye makinda. Kufikia Juni makinda yameruka na mbegu zimedondoka. Msikate hadi kwenye udongo. Acheni karibu sentimita 10, mizizi ipate kivuli na mvua ya kwanza isiondoke na ardhi. Anzeni upande wa nyumba mkielekea kwenye nyasi zitakazobaki. Vijana wengi huanza kingoni na kuzunguka wakiingia ndani, na kila kiumbe hujikuta kimezingirwa katikati, ambako fyekeo linakimalizia.

Kichuguu kiacheni. Mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi watatoka humo, na mbayuwayu wanaofika kutoka Ulaya miezi hiyo hiyo huwadaka angani pamoja na ndege wetu wa hapa, bila kuwasahau watoto wenye makopo.

Mama Nyuki, Sikonge

Nashukuru sana kwa swali hili, na mzee shikamoo. Mimi ni mfugaji wa nyuki. Watu wa Tabora tunajivunia asali, na chuo cha ufugaji nyuki kipo mjini kwenu, kwa hiyo inaniuma kuona viwanja vya mji vinafanywa jangwa katika miezi ambayo nyuki wanahangaika.

Miembe yenu huchanua katikati ya kiangazi, wakati nyasi zimekauka na mtundu haujatoa maua. Simama chini ya mwembe uliochanua saa tatu asubuhi utazame kishada kimoja kwa utulivu. Utaona nyuki, ndiyo, lakini utaona nzi wengi kuliko nyuki: nzi wa kijani wanaong'aa, nzi wadogo weusi, na wale wembamba wenye mistari ya njano ambao watu huwadhania nyigu na kuwaua. Nzi hao ndio wanaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuchavusha mwembe. Anayepuliza dawa ya wadudu juu ya maua anajinyima maembe ya Desemba kwa mkono wake mwenyewe. Kama kuna mwembe unaougua kweli, muiteni bwana shamba auone kwanza, na kama dawa haiepukiki ipulizwe jioni, maua yakiwa yamekwisha.

Katika kikao chenu atatokea mtu atakayesema dawa ya kuua magugu ni nafuu kuliko kuwalipa vijana wa kufyeka. Mpingeni kwa nguvu zote. Dawa hiyo haichagui. Huondoa ukoka unaoshika ardhi, huondoa kishonanguo na maua mengine madogo ya pembeni mwa njia ambayo nyuki huyategemea wakati hakuna kingine, na inachoacha ni udongo ule ule mtupu mnaotaka kuuepuka.

Nyuki wanaosongamana bombani wana kiu tu. Wekeni beseni pana lisilo na kina kirefu chini ya mkuyu, mbali na njia, mlijaze mawe na vijiti wapate pa kutua wasizame. Ndege nao watakunywa na kuoga hapo. Na ikitokea kundi limetua kwenye tawi, msikimbilie tairi na kiberiti. Kundi lililo safarini halina masega wala watoto wa kulinda, kwa hiyo huwa pole kuliko lililokwisha kuhamia, na aghalabu huondoka lenyewe. Wazuieni watoto, kisha muiteni mfugaji. Ila hapo hapo niseme wazi: msitundike mzinga kwenye kiwanja cha watoto, hata mtu akiwashawishi kwa ahadi ya asali. Nyuki wetu wakishakuwa na makazi ni wakali, na mahali pao ni porini au shambani, mbali na nyumba.

Bibi Afya, Kanyenye

Mzee na mama, nawaheshimu, na mengi mliyosema nayaunga mkono, lakini mimi hutembelea wagonjwa, na naomba hofu za watu zisipitwe haraka hivi.

Nyasi ndefu zisikaribie nyumba. Acheni ukanda wa nyasi fupi kabisa kuzunguka kila nyumba, angalau mita tano, na mita mbili kila upande wa njia inayopitwa usiku. Kifutu hakimbii anaposikia mtu. Hutulia pale pale akitegemea rangi yake imfiche, na watu wengi huumwa kwa kumkanyaga. Ukanda mfupi unamfanya aonekane. Jambo la pili ni chakula chake. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata pumba, makombo na takataka zinazotupwa nyuma ya majiko. Mtaa unaofyeka kiwanja chote na kuacha jalala wazi umefukuza kalunguyeye na kumwalika swila.

Kuhusu mbu, ni kweli kwamba mbu wa malaria hazaliwi kwenye nyasi. Huzaliwa kwenye maji yaliyotuama, hasa vidimbwi vinavyopigwa na jua, na yule wa homa ya dengi hupenda makopo, matairi na mapipa. Nyasi humpa mbu kivuli cha kupumzikia mchana, ndiyo sababu nyingine ninayotaka ukanda ule, lakini kazi ya mbu hasa ni kuzibua mitaro na kuokota makopo, na kazi hiyo inafaa sana Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambayo tayari watu hutoka kwa usafi. Beseni la Mama Nyuki nalikubali kwa sharti moja: maji yamwagwe na beseni lisuguliwe kila baada ya siku tatu. Yai la mbu huhitaji takriban wiki moja au zaidi kufikia kuruka, kwa hiyo mkifanya hivyo hakuna atakayekomaa humo. Kila wiki atajwe kwa jina mtu wa kufanya kazi hiyo, maana kazi ya wote huwa haina mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo kupenda viumbe kusiwapotoshe. Maembe yaliyoanguka yasiachwe chini eti ni chakula cha ndege. Tangu nzi wa matunda wa kutoka Asia alipoonekana Afrika Mashariki mwaka 2003, kila embe linalooza chini ya mti linaweza kuwa na funza wanaosubiri kuingia ardhini na kutoka wakiwa nzi wapya. Yaokotwe kila siku wakati wa msimu, yafukiwe shimoni kwa kina cha nusu mita au zaidi, au yafungwe kwenye mfuko mweusi na kuanikwa juani. Ndege na popo hawatashinda njaa. Tini za mkuyu wenu zinawatosha, na popo hao ndio wanaosambaza mbegu za mikuyu.

Mwenyeji wa Mwanga, Kigoma

Nawasalimu kutoka Kigoma. Kwetu hali ni tofauti kidogo kwa sababu tuko kwenye miteremko, na kiwanja kinachoachwa kitupu kiangazi huwa korongo mvua zikirudi. Udongo huo hauishii barabarani. Huteremka mpaka Ziwa Tanganyika na kufunika miamba ya ufukweni, ambako samaki wadogo wasiopatikana ziwa jingine lolote hukwangua mwani. Kwa hiyo sisi tunapopanga kufyeka hukata kwa mistari inayokingama mteremko, na ukanda mmoja wa nyasi ndefu huachwa kati ya kila mistari miwili. Tabora ni tambarare zaidi, lakini angalieni maji ya mvua ya kwanza yanapotokea kiwanjani kwenu: hapo ndipo ile sehemu isiyofyekwa ingewekwa vizuri zaidi.

Naongeza hoja ya kupeleka kwenye kamati. Vijiji vilivyo jirani na Hifadhi ya Gombe viliposhirikiana na TACARE, mradi wa uhifadhi na maendeleo ya vijiji ulioanza mwaka 1994, vilitenga vilima visichomwe wala kukatwa, na sehemu kubwa ya miti iliyorudi haikupandwa na mtu. Ilichipua kutoka kwenye visiki vilivyokuwa hai chini ya ardhi. Huenda kiwanja chenu nacho kina visiki vya aina hiyo ambavyo fyekeo na moto huvirudisha chini kila mwaka.

Mkazi wa Ipuli

Nimefurahi sana, na nimewasomea watoto jibu la mzee kuhusu kalunguyeye. Visiki vipo, nimekwenda kuangalia jioni hii, na karibu na kichuguu kuna machipukizi kadhaa yenye majani mapana yaliyokatwa mara nyingi mpaka shina limefanya fundo.

Yamebaki mambo mawili. Nilipomdokezea mweka hazina wa kamati habari ya sehemu tatu, alisema sehemu isiyofyekwa itaonekana kama mtaa umezembea, na watu wataanza kutupa taka humo. Nadhani ana hoja. Pia sijapata jibu la majani ya miembe na ua wa michongoma.

Fundi Bustani, Cheyo

Ndugu yangu, mweka hazina ana hoja nzito, na ninamuunga mkono ingawa jibu lake silikubali. Watu huheshimu mahali panapoonekana pana mwenyewe. Sehemu ya nyasi ndefu ikiachwa na kingo zilizochongoka ovyo, kila mtu ataidhania pori na ndoo ya taka itafuata. Fyekeni mpaka wake ukiwa umenyooka, kwa kamba na vigingi, mpana kiasi cha toroli kupita, na mrudie mpaka huo kila mara unapoota. Pitisheni njia moja fupi katikati yake. Kibao nacho kinasaidia, lakini kingo iliyonyooka inasaidia kuliko kibao, kwa sababu inaonyesha kila wiki kwamba kuna mkono unaopita hapo.

Majani ya miembe ni magumu na huchelewa kuoza, na hiyo ndiyo sababu watu hukimbilia kiberiti. Yagawanyeni. Yaliyo chini ya miembe yenyewe yabaki pale pale yakiwa matandazo, unene wa kiganja hivi, lakini yasiguse shina, maana gome likikaa na unyevu huoza. Ndege wanaopekua chini watapata wadudu humo, na udongo hautapasuka. Yanayoanguka kwenye njia na uwanja wa kuchezea yapelekwe kwenye shimo la mboji pembeni, mbali na nyumba. Mkiyajaza peke yake yatakaa mwaka mzima bila kubadilika. Yakatwekatwe kwa panga, yachanganywe na nyasi mbichi za kufyeka na samadi ya ng'ombe au mbuzi, yanyunyizwe maji yaliyooshea mboga, na yageuzwe kila baada ya wiki mbili au tatu. Funikeni shimo kwa majani ya migomba au gunia, kwa sababu jua la hapa Tabora hukausha mboji kabla haijaanza kazi. Mvua zikifika mtakuwa na kitu cha kuwauzia wenye bustani za mchicha, na hiyo ndiyo hoja ambayo mweka hazina yeyote huisikia.

Ua wa michongoma usishushwe hadi magotini. Ukikatwa hivyo hupoteza matawi ya ndani, ambamo ndege wadogo hujificha mwewe anapopita. Kata juu ubaki kimo cha kifua, ili mpita njia aone upande wa pili na kibaka asipate pa kujibanza, kisha upunguze pembeni kidogo, upande mmoja mwaka huu na wa pili mwakani. Fanya kazi hiyo Julai, ukitazama ndani kabla ya kila kipande. Njiwa na tetere hujenga hata kiangazi, na kiota cha tetere ni vijiti vichache tu vinavyopitisha mwanga, rahisi sana kutokiona. Ukikikuta chenye mayai, ruka hatua kadhaa kila upande na uache kipande hicho; makinda ya tetere huruka baada ya wiki chache, nawe utarudi kukimalizia.

Minyaa iachieni fundi mzoefu mwenye glavu na miwani. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, kwa hiyo vijana wa kamati wasipewe kazi hiyo, na watoto wakae mbali siku hiyo.